Kipimajoto kiligoma kwenye nyuzi 93: namna ya kumtayarisha mwanao kwa majaji wa sayansi

"Mjomba, kipimajoto kimeharibika."

Hata salamu sikupewa. Binti wa dada yangu, mzaliwa wa Mombasa, anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni mjini Eldoret, na siku hiyo alikuwa ameazima simu ya mwalimu wake. Alikuwa amechemsha maji katika maabara ya shule. Maji yanatokota, mvuke unapanda, na kipimajoto kimesimama kwenye nyuzi 93. Hakisogei. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Likizo ya Disemba, jikoni kwa bibi yake hapa Mombasa, kipimajoto hicho hicho kilifika 100. Na maonyesho ya sayansi yamebakia wiki 3.

Nami, mwenye diploma ya kazi za maabara, nikampa jibu la kivivu: "Azima kingine." Akaazima. Kingine nacho kikasimama 93. Mwenzake wanayeshirikiana katika mradi akatoa ushauri wake: tuandike 100, ndiyo iliyoko kitabuni, na hakuna jaji atakayekuwa na muda wa kuja kuchemsha maji.

Hapo ndipo nilipozinduka. Mimi mwenyewe nilisomea diploma yangu katika chuo cha ufundi mjini Eldoret, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tulikuwa wanafunzi watatu kutoka Pwani, tunapanga chumba kimoja, na kila jioni tulikuwa na kesi na maharage. Yanapikwa, yanapikwa, hayaivi. Tulimlaumu muuzaji, tukabadilisha duka, tukalaumu makaa. Mpaka mwalimu mmoja akatucheka na kutueleza: maharage hayana kosa, kosa ni ya mlima.

Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyopungua juu yako, na uzito wake unaoyakandamiza maji unapungua pia. Pale Eldoret uzito huo ni pungufu ya wetu wa Mombasa kwa zaidi ya moja ya tano. Maji yakikandamizwa kidogo, huchemka mapema. Hesabu ya haraka ni hii: kila ukipanda mita 300, maji huchemka kwa nyuzi moja chini. Gawa 2,100 kwa 300, unapata 7. Toa 7 katika 100. Kipimajoto kilikuwa kizima, tena kinasema kweli.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu kila mwaka, muhula wa kwanza ukianza, wazazi kadhaa hunipigia kuniuliza watawasaidiaje watoto wao katika mradi wa sayansi. Wengi huanza na swali la bango: liwe na rangi gani, lichapishwe wapi. Bango ni la mwisho. Jambo la kwanza ni lile la kipimajoto: mtoto afanye nini pale anachokiona kinapopingana na alichokitarajia.

Maonyesho yenyewe ni yapi

Wenzangu wa rika langu tuliyajua kama Kongamano la Sayansi. Sasa ni Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yanayojulikana kwa kifupi kama KSEF. Ni ngazi: mradi huanzia shuleni, ukishinda unakwenda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha mkoa, kisha taifa. Wanafunzi kwa kawaida huwa wawili katika mradi mmoja, na miradi hugawanywa kwa masomo: hisabati, fizikia, kemia, kilimo, kompyuta, uhandisi na kadhalika.

Majaji hutazama mambo matatu. La kwanza ni maandishi, yaani ripoti na bango. La pili ni mazungumzo, namna mwanafunzi anavyoeleza kazi yake. La tatu, lililo zito, ni fikra: swali lilikuwa na maana? Vipimo vilipimwa kwa haki? Hitimisho linatokana na vipimo, au limetokana na matumaini?

Na msidhani ni shule zenye maabara kubwa tu zinazofika mbali. Katika Bonde la Ufa, wilaya ya zamani ya Nakuru, kuna kijiji kinaitwa Pwani, ijapokuwa hakina bahari wala mnazi. Shule ya kutwa ya Keriko iko huko. Mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Peter Tabichi, alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani mjini Dubai Machi 2019, tuzo ya dola milioni moja. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti ya kubahatisha. Lakini mwaka wa 2018 wanafunzi wake walikwenda maonyesho ya taifa na kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakashinda, na mwaka uliofuata shule hiyo ikawakilishwa katika maonyesho ya kimataifa Marekani. Kilichowapeleka si bango.

Mradi wa kikapu

Sasa nirudi kwa binti yetu. Mradi wake ulikuwa jiko la kikapu. Wasomaji wa Pwani mnalijua: unachemsha chakula kwa dakika chache, unaepua sufuria, unaitia ndani ya kikapu kilichotandikwa kitu cha kuzuia joto, unafunika, na chakula kinaendelea kuiva bila moto. Si uvumbuzi mpya, na hilo nilimwambia mapema. Akanijibu vizuri: "Mjomba, silivumbui jiko. Nataka kujua nikitandike nini."

Hilo ndilo swali zuri la sayansi, kwa sababu ni dogo na lina jibu. Alichagua vitu viwili. Kimoja cha kwao, usumba wa makumbi ya nazi, ambayo bibi yake huyatupa au kuyachoma. Kingine cha Eldoret, maranda, ambayo maseremala wa mjini huyarundika nje ya karakana zao na kukupa bure ukiwa na gunia. Na sufuria ya tatu haikuwekwa kikapuni kabisa, iliachwa mezani, iwe ya kulinganishia.

Nilikwenda Eldoret wikendi ya nusu muhula, safari ya karibu kilomita 800, nikafikia kwa rafiki yangu wa zamani mtaa wa Kapsoya. Tukaketi na daftari lake sebuleni, yeye amejifunika blanketi, maana baridi ya kule haimzoei mtu wa Pwani. Nilimuuliza maswali ambayo kila mzazi anaweza kuyauliza, hata kama hakusoma sayansi.

Umebadilisha nini, na nini hukubadilisha? Alibadilisha kitandiko tu. Sufuria ni ile ile, maji ni lita 2 kila mara, unene wa kitandiko ni ule ule, na kifuniko hakifunguliwi mpaka saa 4 zitimie. Hili la kifuniko nilipenda. Mara ya kwanza alikuwa akifungua kila saa kuchungulia, na kila akifungua joto linatoka. Aliliona kosa mwenyewe, akaliandika daftarini, akaanza upya.

Umepima mara ngapi? Hapa akababaika. Mara moja kwa kila kitandiko. Makumbi yaliyashinda maranda kwa nyuzi 2, na bango lilikuwa tayari na maneno makubwa kwamba makumbi ni bora. Nikamwambia apime tena. Usiku huo maranda yakashinda kwa nyuzi moja. Asubuhi yake makumbi kwa nyuzi moja. Akanitazama kama niliyemwibia mwanaserere. Lakini ndivyo ilivyo: kipimo kimoja ni kama shahidi mmoja. Ukipima mara tatu, ndipo unajua kama tofauti unayoiona ni ya kweli au ni ya bahati. Hitimisho lake la haki likawa kwamba makumbi na maranda yanahifadhi joto sawasawa, na vyote viwili vinaishinda mno sufuria ya mezani. Si habari ya kupigiwa vigelegele. Ila ni ya kweli, na ina faida: wa Pwani atumie makumbi, wa Eldoret atumie maranda, hakuna haja ya kununua kitu.

Kwa nini tusifute vipimo vya Eldoret

Likabaki lile la nyuzi 93. Mwenzake bado alitaka wafute vipimo vya Eldoret wabaki na vya Mombasa, maana vya Mombasa vilikuwa vizuri zaidi. Kikapu cha makumbi Mombasa kilianza na nyuzi 100, na baada ya saa 4 kikawa na 72. Eldoret kilianza na 93, kikaishia 62. Mtu akitazama haraka atasema kikapu kimeharibika njiani.

Tukakaa na hesabu. Joto hukimbia kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, na kadiri tofauti ilivyo kubwa ndivyo linavyokimbia kwa kasi. Kwa hiyo la kulinganisha si namba ya mwisho peke yake, bali ni sehemu gani ya tofauti imebaki. Jikoni kwa bibi hewa ilikuwa nyuzi 30. Kikapu kilianza kikiwa nyuzi 70 juu ya hewa, kikamaliza kikiwa 42 juu yake. Arubaini na mbili katika sabini ni asilimia 60. Eldoret chumba kilikuwa nyuzi 18. Kikapu kilianza kikiwa 75 juu ya hewa, kikamaliza kikiwa 44. Hiyo ni karibu asilimia 59.

Alipoandika namba hizo mbili pamoja, 60 na 59, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani kikapu ni kile kile." Naam. Kikapu ni kile kile. Kilichobadilika ni mlima na baridi. Vipimo walivyotaka kuvifuta ndivyo vilivyougeuza mradi kutoka wa kawaida kuwa wa kuzungumzwa, kwa sababu sasa ulikuwa na jambo la kumwambia mama wa Eldoret: maji yako yanachemka yakiwa na joto pungufu, kwa hiyo maharage yako chemsha muda mrefu zaidi kabla ya kuyatia kikapuni.

Nikamkumbusha kisa cha kijana wa Tanzania, Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, wakichemsha maziwa kisha kuyaacha yapoe kabla ya kuyatia kwenye friji. Yeye, kwa kuhofia kukosa nafasi, akayatia yakiwa moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyotiwa baridi. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mtaalamu wa fizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na wenzake darasani wakamcheka. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka wa 1969 wawili hao wakachapisha matokeo. Leo wanasayansi duniani wanalijua jambo hilo kwa jina la Mpemba, na bado wanabishana kuhusu sababu yake, wengine hata kama hutokea kila mara. Angelikubali kwamba kitabu kinajua zaidi ya macho yake, tusingelisikia jina lake.

Kujitayarisha kwa maswali

Kuna mambo ambayo wazazi tunayaharibu kwa mapenzi. Nimewahi kuitwa mara mbili kusaidia kukagua miradi ya shule hapa Pwani, na sitasahau meza moja. Mradi ulikuwa na taa, nyaya, skrini, bango limechapishwa kwa gharama. Nikamuuliza kijana swali jepesi: waya huu mwekundu unafanya kazi gani? Akatazama chini. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua, kuwa kifaa kimenunuliwa au kimeundwa na mtu mzima. Nilimhurumia. Mzazi wake alilipa pesa ili mwanawe aje aaibike mbele ya watu.

Jaji mzoefu hahitaji dakika 10 kuligundua hilo. Anauliza: kwa nini ulichagua swali hili? Nini kilikwenda kombo? Nani alikusaidia? Ungelikuwa na mwaka mwingine ungelifanya nini? Maswali haya hayajibiwi kwa kukariri. Na lile la nani alikusaidia si mtego. Nilimwambia binti yetu aseme waziwazi: mwalimu aliniazima vipimajoto, mjomba alinieleza habari ya mlima, hesabu nimezifanya mwenyewe. Kusaidiwa si aibu.

Daftari nalo ni silaha. Liwe na tarehe, liwe na makosa yaliyopigwa mstari mmoja bila kufutwa, liwe hata na alama ya masizi. Usimwache mtoto akalinakili upya ili lipendeze. Daftari safi sana humtia jaji shaka.

Kisha mazoezi ya kusema. Maonyesho huwa kwa Kiingereza, lakini zoezi la kwanza nilimtaka alifanye kwa Kiswahili, kwa bibi yake, kwa simu. Mtoto akijua jambo kwa maneno ya kitabu tu, mbele ya bibi atakwama. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa mwanangu. Na makaa? Yanapungua kiasi gani?"

Kimya. Katika mradi wote wa jiko la kuokoa moto, hakuna aliyepima makaa. Mimi na diploma yangu sikuliona. Muda wa kupima ulikuwa umekwisha, basi nikamwambia aliandike ukurasa wa mwisho: hili sijalipima, na hivi ndivyo nitakavyolipima. Kupima makaa kwa mizani kabla na baada ya kupika, na kikapu na bila kikapu.

Bango tulilimaliza jioni ya mwisho. Manila nyeupe, kalamu nzito, maandishi yanayosomeka hatua mbili mbali: swali, namna alivyofanya, jedwali, grafu moja, hitimisho. Hakuna maua.

Siku yenyewe

Siku ya majaji iliangukia Ramadhani. Nilimpa ushauri wa kawaida: ale daku vizuri, anywe maji ya kutosha kabla ya alfajiri, na asiongee ovyo asubuhi ili sauti isimkauke. Afike mapema, apange meza, ajaribu kila kitu. Jaji akija asimame, amtazame, aeleze kwa dakika chache kisha anyamaze ili aulizwe. Na asilolijua aseme halijui.

Jioni alinipigia, safari hii kwa salamu kamili. Jaji mmoja alitazama jedwali, akaweka kidole kwenye 93, akasema maji huchemka kwa 100, hii ni nini? Akamweleza mlima, na hesabu ya mita 300, na ile ya 60 na 59. Jaji akaandika kitu. Wa pili akauliza: je, makaa yanaokolewa kiasi gani? Akajibu, "Sijapima, lakini bibi yangu ameniuliza hilo hilo," akamwonyesha ukurasa wa mwisho. Yule jaji akacheka, akasema mpe bibi salamu.

Walivuka kaunti ndogo, wakavuka kaunti ya Uasin Gishu, wakasimama mkoani, ambako mradi wa vijana wengine uliwashinda kwa haki. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama kwa bibi kuna mizani ya jikoni, maana likizo anataka kupima makaa. Nimeinunua, iko kwa bibi, inamsubiri.

Wazazi wenzangu, mwaka huu mtoto akija na mradi wake, msikimbilie duka la uchapaji. Kaeni naye, mwambie akuonyeshe daftari, muulize amepima mara ngapi na nini kilikwenda kombo. Na akikwambia kipimajoto kimeharibika, usimjibu kama nilivyojibu mimi. Mwambie kwanza aandike alichokiona.